Mikono ya Nyumba Kumi

Kila Januari nyumba kumi zilikutana na kunyoosha mikono: nani apewe Bima Kubwa, inayotibu, na nani abaki na Bima Ndogo, inayotuliza maumivu tu. Mwaka huu walikutana uani kwa Tunu, kwa sababu mumewe, Mashauri, hakuweza tena kutembea. Figo zake zilikuwa zimekufa, na mashine ya kusafisha damu ilikuwa ya wenye Bima Kubwa peke yao.

"Misiba tisa mtaani," alisema Mama Ngwesa, jirani wa ukuta mmoja. "Mumeo kachimba kaburi la nani?"

"Mgonjwa achimbe kaburi, Mama Ngwesa?"

"Hata kukaa mkekani na wafiwa kunamshinda? Mashauri hakai na watu. Sasa watu wamtibu kwa lipi?"

Mzee Lutego, balozi wao wa nyumba kumi, alitazama chini. "Mnaosema apewe, nyoosheni mikono."

Tunu alinyoosha wake. Ulibaki juu peke yake mpaka bega likamuuma. Ndani, Mashauri alikohoa, na wote wakajifanya hawakusikia.

Balozi akagonga muhuri kwenye fomu ya Mashauri: Bima Ndogo. Majirani waliondoka wakikwepa macho ya Tunu, isipokuwa Mama Ngwesa, aliyebaki akiupima ua kwa hatua zake, kutoka ukutani mpaka mlangoni.

"Unatafuta nini tena kwangu?" Tunu alimfokea.

"Turubai moja litatosha," alijibu Mama Ngwesa kwa upole. "Usiogope, mwanangu. Siku hiyo tutakuja wote. Sisi msibani hatukosi."