Kanga na Kura ya Siri

Mungu anisamehe, mwaka ule wa kura ya ushuru niliwahimiza majirani wakubali, kisha mwenyewe nikakataa. Ndiyo maana Kanga namwelewa sana.

Wanyama waliulizwa kama kila anayenunua sokoni aongeze punje moja kwa kila kibaba, ili Tembo alishwe na awe zimamoto wao. Kanga alizunguka akihubiri, "Jamani, tukubali. Tembo naye ana tumbo." Alipoingia peke yake kwenye kibanda cha kura, akawaza kwamba wenzake watakubali tu, na punje zake zikikosekana hakuna kitakachopungua. Akaweka hapana.

Tembo akakosa kazi, akahama. Kiangazi moto ukapita kwenye nyasi alikotaga Kanga.

"Ni nani aliyekataa?" Kanga alilia juu ya mayai yaliyoungua. Sungura na Kima nao walikuwa wakiulizana hivyo hivyo.

"Kura ni siri, mama," alijibu Kobe, msimamizi wa kura. "Ila ndiyo sikuiona hata moja."

Kesho tunaupigia kura tena ushuru wa soko letu. Nakuomba, ndugu yangu, usimame karibu nami uchungulie karatasi yangu.