Vidole Kwanza

"Plagi huanzwa kwa vidole, Bi Tabu, haianzwi kwa spana!" alifoka Fundi Shomvi. Plagi ilikuwa imechomoka na nyuzi zote, ile michirizo ya kuifungia, za tundu la silinda. Sasa ilibidi akate nyuzi mpya kwa tapu, kile chuma chenye meno, kisha avishe bushi, kijibomba cha kuishika plagi. Na tapu ikiingia upande, injini ya pampu yake ya maji ndiyo basi tena.

"Nilikuwa na haraka, fundi. Miche yangu inakauka."

Shomvi aliipaka tapu grisi ili inase chembe za chuma zisidondokee ndani. Akailenga tunduni. Mkono ukaanza kutetemeka. Akaiondoa haraka, akajifanya anaifuta. Tangu masika alikuwa akiuficha mkono huo, mara kaufunga kitambaa, mara kadai umeungua. Akajaribu tena. Tapu ikagonga ukingo wa tundu, ti-ti-ti-ti, kama meno ya mwenye homa.

Mafundi wa banda la jirani wakageuka.

"Bi Tabu," alisema bila kumtazama, "hebu shika wewe."

Mkono akautia mfukoni.

Bi Tabu alisogea. Akaishika tapu.

"Isimame wima. Zungusha nusu mbele, robo nyuma. Ikikaza, usiilazimishe."

Shomvi alifumba macho, akasikiliza chuma kikila chuma mpaka mwisho. Bushi ikaingia, ikakaa. Bi Tabu akaokota plagi mpya, akamnyooshea.

"Vidole kwanza, si ndivyo ulivyosema?"

Mafundi wa jirani walikuwa bado wanatazama. Shomvi akautoa mkono mfukoni, akauacha utetemeke.