Kikombe cha Saumu

Kila jioni, vijana wa kundi la mshauri Tunu, wote wanaoishi na virusi vya UKIMWI, humeza dawa kisha hutuma kwenye kundi lao la simu picha ya kikombe kilichofudikizwa. Hawaandiki neno, simu haina siri.

Jioni hii kikombe cha Saumu, mmoja wa vijana hao, kilikuja kikiwa wima, kimejaa maji pomoni. Chini yake paliandikwa: "Mimi ni mume wake. Nimemuuliza, analia tu. Hebu niambieni jamani, vikombe hivi ni vya nini?"

Tunu aliandika, akafuta. Akampigia Saumu, simu ikakatwa. Vijana wakajitoa kundini mmoja mmoja, bila kwaheri, hadi akabaki yeye na namba ya Saumu. Juu ya kioo neno likatokea, likapotea, likatokea tena: anaandika...