Plagi ya Nyuma

Kikohozi kikisikika nje ya ukuta, hata kimoja tu, huja gari jeupe kumchukua aliyekohoa. Hajarudi mtu. Ndiyo maana mume wangu hukoholea gereji, huku injini ya kigari chetu cha zamani cha mashindano ikinguruma.

Jana injini iligoma. Plagi za mbele tulizibadilisha upesi, lakini ya mwisho imejificha nyuma kabisa, chini ya mabomba, na mkono wa mume wangu haupiti.

"Mama Kidawa, jaribu wewe," alininong'oneza, kitambaa mdomoni, macho yamemtoka.

Niliichomeka plagi mpya kwenye kipande cha bomba la mpira, nikaipeleka kwa kupapasa, nikaizungusha taratibu nisije nikaharibu nyuzi zake za kukazia. Kifua cha mume wangu kilikuwa kinaruka.

"Vumilia, Baba Kidawa. Usikiachie kikohozi."

Ikashika. Nikaikaza kwa spana, nikarukia kitini, nikapiga stata. Injini ikanguruma mpaka mabati yakatetemeka. Akainama, akakohoa mpaka akakaa chini, kisha akanitazama akicheka, machozi yakimtiririka.

Nikakanyaga mafuta zaidi, nikageuza uso pembeni, na mimi nikakohoa.

Nilipomgeukia, hakuwa anacheka tena.