Sahani Nje ya Uwanja

Kwa miaka kumi na tisa, kila fainali ilipofika mapumziko, watu walimwagika nje ya uwanja kumtazama Ngwali akizungusha sahani ya bati juu ya ufito mrefu. Mwaka huu waandaaji walileta mwimbaji maarufu na mataa ya rangi, na watu hawakutoka. Ngwali alizungusha peke yake mpaka mkono ukafa ganzi. Akaanza kuishusha sahani.

"Usiishushe, baba."

Mwanamke alikuwa ameketi kwenye kreti la soda, mgongo ameupa uwanja. Ngwali alimtambua. Alikuwa mama yake Sufiani, kipa wa timu ya mji.

"Mama Sufiani! Humtazami mwanao?"

"Kafungwa mawili, na yote nikiwa namtazama. Nipe kitu kingine cha kutazama."

Ngwali akaizungusha tena. Muziki ukaisha, filimbi ikalia, kipindi cha pili kikaanza. Siku zote huu ndio ulikuwa wakati wake wa kufunga virago na kwenda zake. Jasho lilimwingia machoni, bega likatetemeka, na sahani ikaanza kuyumba.

Uwanja ukalipuka kwa kelele.

"Goli hilo," alisema Ngwali. "Nikachungulie ni la nani?"

"Hapana. Wewe zungusha."

"Nimechoka, mama."

Mama Sufiani akainuka, akaushika ufito chini ya mkono wa Ngwali. Wakasimama hivyo wawili, nyuso juu, wakiitazama sahani.