Utepe wa Kaniki

Watu walikuwa wamelipa waogopeshwe, na mzuka ulipotokea juu ya jukwaa, ukumbi mzima ulipiga mayowe kisha ukacheka. Bi Mwanasiti, mwosha maiti, hakucheka. Macho yake yalikuwa miguuni mwa mzuka, pale sanda ilipofungwa kwa utepe wa kaniki. Utepe huo aliuchana mwenyewe kwenye nguo yake juzi, kitambaa cheupe kilipompungukia akimvika sanda Riziki, mke wa kinyozi. Fundo lile lilipaswa kufunguliwa kaburini.

Onyesho lilipokwisha akaingia nyuma ya pazia.

"Sanda ile mmeifukua?"

"Sanda gani, mama?" Binti aliyeigiza mzuka akamwonyesha shuka lake, jeupe lote, halina fundo wala utepe. "Mimi nasimama hapa chini, taa inanimulika, na watu wanaona taswira yangu tu kwenye kioo kile cha jukwaani."

Binti akaketi kuvua viatu. Bi Mwanasiti akageuka. Taa zilikwisha kuzimwa, lakini ndani ya kioo Riziki alikuwa bado yupo, amemnyooshea miguu yake miwili, kama mtoto anayengoja kufunguliwa.