Ngano Isiyo na Zabibu

Padri alilisoma jina la Polidoro mara mbili.

Mjane wake akainua kichwa. Ilikuwa Jumamosi ya kuwaombea marehemu, na kila mtu alikuwa amempa padri karatasi ya majina ya wafu wake. Lakini katika Athene nzima hakumjua Polidoro mwingine.

"Umerudia, Padri," alimnong'oneza ibada ilipokwisha.

"Sikurudia, mama. Karatasi zilikuwa mbili."

Mezani, kando ya sahani yake ya ngano ya kuchemsha, ile ya kuwakumbuka wafu, palikuwa na sahani nyingine. Mwanamke asiyemfahamu alikuwa akiwagawia watu. Mjane akazikumbuka Jumamosi zote ambazo Polidoro alipanda kilima cha Akropoli kukarabati nguzo za mahekalu ya kale, hali mafundi wenzake walipumzika.

"Karibu, dada. Mungu amrehemu," mwanamke alisema, akimpa kijiko.

Mjane akatafuna polepole. Lozi zilikuwamo, komamanga pia.

"Ngano bila zabibu ni ya kuku," alisema. "Umezisahau?"

"Sikuzisahau. Alikuwa hazipendi."

Kwa miaka thelathini mjane alimtilia mumewe zabibu katika kila kitu, naye alizila zote, akashukuru.